Transfoma na Umeme wa Msongo Mkubwa: Somo kwa Vyama Vinavyokusudia Kuendesha Mashine

Katika miaka ya karibuni umeme umevifikia vijiji vingi vya Tanzania, hasa tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Kwa sababu hiyo vyama vya msingi vingi vinajadili katika mikutano mikuu yao kununua mashine za kukoboa kahawa, kukamua alizeti au kusaga nafaka. Mara nyingi mjadala huishia kwenye bei ya mashine. Swali la pili, yaani mashine hiyo ikae umbali gani kutoka kwenye transfoma, huachwa kwa fundi, au halisemwi kabisa. Matokeo yake huonekana baadaye: mota hushindwa kuanza, taa hufifia kila mashine inapowashwa, na mwishoni mota huungua, nayo ilinunuliwa kwa fedha za wanachama.

Kusudi la somo hili ni kueleza kwa nini umeme husafirishwa kwa msongo mkubwa, transfoma hufanya kazi gani, na katibu na bodi yake wapaswa kuuliza nini kabla ya kutia saini mkataba wowote.

1. Vipimo vitatu vya kukumbukwa

Volti ni kipimo cha msongo, yaani nguvu inayousukuma umeme katika waya. Ampea ni kipimo cha wingi wa mkondo unaopita. Wati ni kipimo cha kazi inayoweza kufanywa, nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Kilowati moja ni wati 1,000.

Kutokana na kanuni hiyo, kazi ile ile yaweza kupelekwa kwa njia mbili: kwa volti chache na ampea nyingi, au kwa volti nyingi na ampea chache. Wati 23,000 ni volti 230 mara ampea 100. Vilevile ni volti 11,500 mara ampea 2.

Mwanaushirika ataelewa jambo hili upesi akiifikiria fedha ya malipo ya mazao. Mtunza fedha anayetoka benki akiwa amebeba malipo yote kwa sarafu atahitaji gari, wapagazi na magunia. Akibeba thamani ile ile kwa noti kubwa, mkoba mmoja humtosha. Ampea ni kama idadi ya vipande vya fedha, na volti ni kama thamani ya kila kipande. Taabu ya safari hutokana na idadi ya vipande, wala si thamani yake.

2. Hasara ya njiani

Kila waya, hata uwe wa shaba au alumini safi, huuzuia umeme kidogo. Kizuizi hicho huitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu. Waya ukiwa mrefu, ukinzani huongezeka; ukiwa mnene, hupungua. Umeme unaposhindana na ukinzani huo hugeuka joto, na joto hilo hupotea hewani bila kumfaa mtu.

Kiasi cha hasara hupatikana hivi: ampea huzidishwa kwa ampea, kisha jibu huzidishwa kwa omu. Msomaji azingatie kwamba ampea huhesabiwa mara mbili. Mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara huongezeka mara nne; ukiongezeka mara kumi, hasara huongezeka mara mia.

Uchukuliwe mfano wa chama kilichojenga kiwanda chake mita 450 kutoka kwenye transfoma, kikavuta nyaya mbili za alumini zenye ukubwa wa milimita za mraba 50. Mita 450 za kwenda na mita 450 za kurudi zina ukinzani wa karibu omu 0.5. Wati 23,000 zikitumwa kwa volti 230, mkondo utakuwa ampea 100. Hesabu ni hii:

Hasara: 100 x 100 x 0.5 = wati 5,000.
Msongo unaopotea: 100 x 0.5 = volti 50.

Basi zaidi ya sehemu moja ya tano ya umeme wote imegeuka joto njiani, na kiwandani zimefika volti 180 badala ya 230. Kama mita imefungwa mwanzoni mwa waya, chama hulipia hata kile kilichopotea. Kilowati 5 kwa saa 8 ni uniti 40 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni uniti 1,000 kwa mwezi.

Sasa wati zile zile zipelekwe kwa volti 11,500 katika waya ule ule. Mkondo ni ampea 2 tu:

Hasara: 2 x 2 x 0.5 = wati 2.
Msongo unaopotea: 2 x 0.5 = volti 1.

Msongo umeongezwa mara 50, na hasara imepungua mara 2,500. Kama mtu angetaka kupata nafuu hiyo kwa kunenepesha waya peke yake, angehitaji waya wenye madini mara 2,500 zaidi. Hakuna chama, wala shirika, wala serikali iwezayo gharama hiyo. Hii ndiyo sababu ya msongo mkubwa.

Kwa kipimo cha Taifa jambo ni hilo hilo. Kituo cha Kidatu mkoani Morogoro kina uwezo wa megawati 204, nao umeme wake husafirishwa kwa msongo wa volti 220,000. Kama uwezo huo wote ungepita katika njia moja ya nyaya tatu, kila waya ungebeba karibu ampea 535. Kwa volti 400 za kiwandani, kila waya ungepaswa kubeba karibu ampea 294,000. Waya wa namna hiyo hauwezi kutundikwa juu ya nguzo.

3. Transfoma hufanyaje kazi

Msongo mkubwa hufaa safarini, lakini haufai nyumbani wala kiwandani. Volti 11,000 huweza kuruka hewani na kumuua mtu hata kabla hajaugusa waya. Kwa hiyo yatakiwa kitu cha kuuinua msongo pale umeme unapozalishwa, na cha kuushusha pale unapotumiwa. Kitu hicho ni transfoma. Katika mfano wa fedha, transfoma ni mvunja noti: hubadilisha noti kuwa sarafu na sarafu kuwa noti, ila haongezi thamani hata senti moja, na huchukua ujira mdogo kwa kazi yake.

Msingi wa chombo hiki uligunduliwa London mwaka 1831 na Michael Faraday. Alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana. Alipouunganisha waya wa kwanza na betri, sindano ya kipimo katika waya wa pili ilitikisika mara moja, kisha ikatulia ingawa betri ilikuwa bado ikifanya kazi. Alipouondoa waya kwenye betri, sindano ilitikisika tena kuelekea upande mwingine. Fundisho lake ni hili: mkondo huleta sumaku katika chuma, na sumaku inapobadilika huzaa msongo katika waya wa pili. Sumaku iliyotulia haizai kitu.

Ndiyo maana transfoma huhitaji mkondo geu, yaani umeme unaogeuka upande mara kwa mara. Umeme wa gridi yetu hukamilisha mizunguko 50 kwa kila sekunde. Sumaku ndani ya chuma hupanda, hushuka na kugeuka bila kupumzika, na waya wa pili hupata msongo bila kukoma. Mngurumo unaosikika chini ya nguzo yenye transfoma ni chuma hicho kikitetemeka. Betri au sahani ya jua, ambayo hutoa mkondo mnyoofu, haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na transfoma.

Ukubwa wa msongo hutegemea idadi ya mizunguko ya waya. Upande wa kwanza ukiwa na mizunguko 2,000 na upande wa pili 40, uwiano ni 50 kwa 1. Volti 11,500 zikiingia, hutoka 230. Ampea 2 zikiingia, zaweza kutoka 100. Zidisha pande zote mbili: jibu ni wati 23,000 kote. Kwa hiyo ni kosa kusema kwamba transfoma inazalisha umeme.

Ujira wake ni hasara za namna mbili. Ya kwanza ni ya chuma, nayo ipo usiku na mchana hata kama hakuna anayetumia umeme; hupunguzwa kwa kutengeneza kiini kwa mabamba membamba ya chuma badala ya pande moja. Ya pili ni ya nyaya, nayo huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka. Hasara zote huleta joto. Ndiyo sababu transfoma huzamishwa katika mafuta maalumu ambayo hupoza nyaya na pia huzuia umeme usiruke kutoka sehemu moja hadi nyingine.

4. Historia kwa ufupi

Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo cha umeme cha Pearl Street mjini New York. Kilitoa mkondo mnyoofu wa karibu volti 110, na kwa sababu ya hasara tuliyoihesabu kiliweza kuhudumia mitaa ya jirani tu. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walionyesha transfoma iliyofaa kwa matumizi ya kawaida. Mwaka 1886 William Stanley aliitumia transfoma kuwasha taa za mji wa Great Barrington huko Marekani.

Ushahidi mkubwa ulitolewa Ujerumani mwaka 1891. Umeme uliozalishwa kwa maji huko Lauffen ulisafirishwa kilomita 175 hadi Frankfurt kwa msongo wa karibu volti 15,000, na takriban robo tatu yake ikafika. Tangu hapo ilidhihirika kwamba maporomoko ya mbali yaweza kuufaa mji.

Siku hizi mkondo mnyoofu nao husafirishwa mbali kwa kutumia vyombo vingine vya kuubadilisha, kama ilivyo kwenye njia ya kutoka Inga hadi Kolwezi nchini Kongo, na ile ya kutoka Ethiopia hadi Kenya. Njia hizo nazo hutumia msongo mkubwa sana, maana kanuni ya hasara ni moja.

5. Mambo ya kuzingatiwa na chama

Kwanza, umbali. Volti 400 na 230 ni kwa safari fupi tu. Volti zikipungua kutoka 230 hadi 180, nguvu ya mota ya kawaida ya kuanza kuzunguka hupungua hadi karibu asilimia 61. Mota iliyolemewa huvuta ampea zaidi, huchemka, na nyaya zake huungua. Kama kiwanda ni cha mbali, ni afadhali njia ya msongo mkubwa isogezwe na transfoma iwekwe karibu na mashine.

Pili, nyaya tatu. Mashine kubwa iombewe umeme wa njia tatu wa volti 400. Wati 23,000 za mfano wetu, zikipita katika nyaya tatu za ukubwa ule ule na umbali ule ule, hasara hushuka kutoka wati 5,000 hadi karibu 830. Lakini hata hapo, mzigo na umbali vikiongezwa mara mbili kila kimoja, hasara huongezeka mara nane.

Tatu, uwezo wa transfoma. Kibao chake huonyesha uwezo kwa kilovolti-ampea, kama vile 50, 100 au 200. Chama kiulize shirika la umeme kwa maandishi: transfoma iliyopo imebaki na nafasi gani baada ya mizigo ya kijiji? Mashine isinunuliwe kabla ya jibu kupatikana.

Nne, ulinzi. Mafuta ya transfoma yakiibwa, nyaya hukosa kupozwa, transfoma huungua, na kijiji kizima hukaa gizani wakati wa msimu. Aidha, transfoma za zamani zaweza kuwa na mafuta yenye sumu. Hayafai kupikia wala kupakwa mwilini. Mwanachama aonaye mafuta yakivuja au akisikia mlio usio wa kawaida asipande nguzo wala asisogee. Atoe taarifa kwa shirika la umeme.

Mashine ya chama ni mali ya watu wengi waliokatwa fedha kidogo kidogo katika mazao yao. Bodi inayojua kukokotoa hasara ya waya huilinda mali hiyo kama vile inavyoilinda kwa kukagua vitabu vya hesabu.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Kwa nini transfoma haiongezi wati, ingawa huongeza volti?
2. Mkondo katika waya ukiongezeka mara tatu, hasara itaongezeka mara ngapi?
3. Transfoma ina mizunguko 1,500 upande wa kwanza na 50 upande wa pili. Zikiingia volti 6,900, zitatoka ngapi?
4. Kiwanda cha chama chenu, au eneo lililokusudiwa kujengwa, liko umbali gani kutoka kwenye transfoma? Pimeni kwa hatua, kisha mwandike jibu katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano.
5. Nani anawajibika kuitazama transfoma ya kijiji chenu nyakati za usiku?