Kiswahili Kisichofasiriwa: Wimbo wa Ufunguzi wa Get Out na Nafasi ya Lugha katika Filamu za Kutisha za Kisasa

1.0 Utangulizi

Aina ya filamu inayozungumziwa katika makala haya haina nomino yake mahususi katika Kiswahili. Huitwa filamu za kutisha, na mara chache filamu za kuogofya. Vitenzi vyote viwili ni vya utendeshi. Ogofya kimenyambuliwa kutokana na ogopa. Tisha kina uhusiano na kitenzi cha zamani -cha, ambacho leo kimebaki katika maneno kama mcha Mungu na uchaji. Kwa hiyo jina lenyewe linambana msemaji aulize swali ambalo wahakiki wa filamu hizi wamelijadili kwa miaka mingi: ni nani anayesababisha watu waogope?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Alikuwa mfu aliyefufuka, mnyonya damu, au shetani aliyempanda mtoto. Katika filamu zilizosifiwa zaidi tangu The Babadook ya Jennifer Kent (2014) jibu limekuwa gumu, kwa kuwa mtendeshaji wa hofu mara nyingi ni msiba usioliliwa, ndoa, au wenyeji wakarimu wanaomkaribisha mgeni kwa chai. Baadhi ya wahakiki wa Marekani wamezipa filamu hizi sifa ya kuwa zimekwezwa juu ya nyingine za aina yake. Sifa hiyo haina msingi wa kihistoria. Night of the Living Dead ya George A. Romero (1968) ilimwonyesha shujaa mweusi akinusurika usiku mzima mbele ya wafu, kisha akiuawa asubuhi kwa risasi za watu waliokuja kuokoa. Hakuna filamu ya miaka ya karibuni iliyosema jambo kubwa zaidi ya hilo kwa picha chache namna ile. Kilichobadilika ni namna lugha inavyotumiwa, na makala haya yanalichunguza badiliko hilo hasa kwa kuitazama Get Out ya Jordan Peele (2017), ambayo inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu ya wazi: wimbo wake wa ufunguzi umeimbwa kwa Kiswahili.

2.0 Lugha ngeni kama sauti ya shetani

Yafaa kwanza kukumbuka desturi iliyokuwapo. Katika The Exorcist (1973) usemi wa msichana aliyepagawa, ulionaswa katika kanda na kudhaniwa kuwa ni lugha isiyojulikana, hugunduliwa kuwa ni Kiingereza kilichogeuzwa nyuma mbele. Katika The Omen (1976) mtunzi Jerry Goldsmith aliandika wimbo wa kwaya wa Kilatini, Ave Satani, na muziki wa filamu hiyo ukampatia tuzo ya Oscar. Wajuzi wa Kilatini wanafahamu kuwa sarufi ya wimbo huo ina kasoro: nomino iliyopaswa kuwa katika umbo la yambwa imewekwa katika umbo la kiima. Kasoro hiyo haikumzuia mtazamaji yeyote kuogopa. Kilatini hakikuwekwa pale ili kifahamike. Kiliwekwa ili kisikike kama ibada iliyopinduliwa.

Kanuni ya desturi hiyo inaeleweka kwa urahisi. Lugha ya mtazamaji ni nyumbani, ni upande wa usalama. Lugha asiyoielewa ni upande wa adui. Pontypool ya Bruce McDonald (2008) ndiyo iliyoivuruga kanuni hii kwa makusudi. Katika kituo kidogo cha redio huko Ontario, Kanada, inabainika kwamba baadhi ya maneno ya Kiingereza yameambukizwa, na kwamba mtu huugua pindi anapoyaelewa. Wanaotaka kunusurika hujaribu kusema Kifaransa. Ni filamu chache mno zilizowahi kuuchukua kwa uzito namna hiyo uhusiano wa sauti na maana, na hata kama sehemu yake ya mwisho inalegea, mhadhiri wa semantiki angeweza kuitumia darasani bila haya.

3.0 Sikiliza Kwa Wahenga

Get Out inaanza na nyimbo tatu zinazofuatana. Kijana mweusi anatembea usiku katika mtaa wa matajiri. Gari jeupe linamfuata, na kutoka ndani yake unasikika wimbo wa Kiingereza wa mwaka 1939 unaomhimiza sungura akimbie. Kijana anatekwa. Papo hapo yanatokea majina ya waliotengeneza filamu, miti ikipita mbele ya kamera, na kwaya inaimba Sikiliza Kwa Wahenga, uliotungwa na Michael Abels. Halafu unakuja Redbone wa Childish Gambino, ambao nao unahimiza watu wakae macho. Nyimbo zote tatu ni maonyo. Wa kwanza unaonya kwa dhihaka, kwa kuwa anayeupiga ndiye mwindaji. Wa pili unaonya kwa dhati, lakini kwa lugha ambayo watazamaji wengi wa Marekani hawaijui, wala hakuna tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Yaliyomo ni ya kumsihi ndugu asikilize wakubwa, akimbie, ajiokoe.

Hapa kanuni ya The Omen imepinduliwa. Lugha isiyoeleweka ndiyo iliyo upande wa mhusika mkuu, na lugha inayoeleweka, Kiingereza laini cha sebuleni, ndiyo itakayomwangamiza. Mtazamaji asiyejua Kiswahili huusikia wimbo huu kama kitisho, kwa sababu amezoezwa na filamu za awali kuiogopa kwaya ya lugha ngeni. Anayejua Kiswahili anasikia wosia. Watu wawili waliokaa viti vya jirani wanatazama filamu mbili tofauti kwa dakika kadhaa.

Ama kuhusu sarufi ya jina la wimbo, ina tatizo, na haifai kulifunika kwa adabu. Kitenzi sikiliza, kilichonyambuliwa kutokana na sikia, huchukua yambwa moja kwa moja: husikiliza redio, huwasikiliza wazee. Panapokuwa na yambwa yenye uhai, Kiswahili cha kawaida hupendelea kuweka kiambishi cha yambwa, yaani wasikilize wahenga. Hapana shaka kwamba kwa imeingizwa ili ishike nafasi ya kihusishi cha Kiingereza kinachofuata kitenzi chenye maana hiyo. Ni kosa la aina ileile inayoonekana katika The Omen, nalo linaelekea kuthibitisha kwamba lugha imechukuliwa kwa sauti yake kabla ya kuchukuliwa kwa muundo wake.

Hata hivyo, msikilizaji mzawa hasomi kosa kama mhariri wa kamusi. Hulitafutia maana. Kwa ikifuatwa na nomino ya mtu huashiria ama chanzo, kama katika nimesikia kwa jirani, au mahali, kama katika amelala kwa mjomba. Masikio ya Mswahili kwa hiyo hupokea agizo jingine kabisa: nenda kasikilize kwao, kwa wahenga, huko waliko. Kosa limezalisha mahali. Na filamu yenyewe, kama itakavyoonekana, inahusu mahali ambapo mtu hutupwa akaona bila kuweza kusema.

Uteuzi wa neno wahenga nao unastahili kuzingatiwa. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kuwataja waliotangulia: mababu, mizimu, marehemu, wafu. Mizimu ndilo lingetarajiwa katika filamu ya kutisha, maana huabudiwa, hukasirika, hudai. Wahenga hawafanyi hivyo. Kazi yao katika Kiswahili ni moja tu, nayo ni kusema; hutajwa kabla ya methali kama mashahidi wa ukweli wake. Hawatishi mtu. Iwe ni kwa kusudi au kwa bahati, mtunzi ameepuka kosa ambalo filamu nyingi za Magharibi hulifanya kila ziitajapo Afrika, la kuwafanya waliokufa wawe majini.

Lipo swali la ndani zaidi. Wengi mno wa Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, na lugha zao hazikuwa Kiswahili. Kiswahili kimefika katika fahari ya Wamarekani weusi kwa njia nyingine, ile ya karne ya 20: Kwanzaa iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, yenye umoja, kujichagulia na ujima; na mwaka huohuo mhusika Uhura wa Star Trek, ambaye jina lake limetokana na uhuru. Kabla ya hapo kilikuwa pia lugha ya misafara iliyoshuka kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo ikiwa na pembe na watumwa. Kuiweka lugha hiyo katika vinywa vya mababu wa watumwa wa Marekani ni kuipa historia isiyo yake na kuifutia historia iliyo yake. Wapo watakaoridhika kwamba angalau safari hii Kiswahili hakikuitwa kuchekesha, kama kilivyoitwa katika The Lion King (1994). Kuridhika huko kuna haki, lakini hakujibu swali.

4.0 Neno litokalo katika kinywa kisicho chake

Baada ya ufunguzi, filamu inaendelea kutisha kwa njia za kiisimujamii, na hapa ndipo ilipo bora zaidi. Chris, mpigapicha mweusi, amekwenda kuwatembelea wazazi weupe wa mpenzi wake Rose. Anamkuta Georgina, mtumishi mweusi. Katika mazungumzo Chris anamhakikishia kuwa hakukusudia kumchongea kwa waajiri, naye anatumia neno la mitaani ambalo kila Mmarekani mweusi wa rika lake analijua. Georgina hatambui neno. Chris anajaribu msemo mwingine. Ndipo Georgina anapofasiri kwa neno la kizamani, la kitoto, la nyumba za weupe. Hakuna damu, hakuna mlango unaolia, na bado mtazamaji husisimka nywele. Rejista imegoma kulingana na uso. Sababu hujulikana baadaye: ndani ya mwili wa Georgina imepandikizwa akili ya nyanya wa familia ile.

Halikadhalika jina la filamu. Katika sherehe, kijana aliyetekwa mwanzoni anaonekana tena, sasa akiwa na jina jingine na adabu za mzee. Mwanga wa kamera ya simu unapompiga usoni, anamrukia Chris na kupaza amri ya kutoka. Wageni wanasikia anamfukuza. Chris, baada ya kutafakari, anaelewa kuwa alikuwa anamwonya. Kitamkwa ni kimoja, vitendo vya usemi ni viwili. Mfasiri wa Kiswahili atapata taabu hapa, kwa kuwa toka! huelekea zaidi kwenye kufukuza, na ondoka! hupoteza ukali. Pengine toka ndiyo sahihi, kwa sababu ni lazima kosa la wageni liwezekane.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika mahali pa kuzama ambapo Missy, mama yake Rose, humtumbukiza Chris kwa kukoroga kijiko kikombeni na kumwamuru azame. Amri yenyewe ndiyo tendo. Anaposema, mtu amekwisha kuzama. Chris huelea gizani akiutazama ulimwengu kupitia tundu la mbali kama skrini. Kiingereza kinatosheka na nomino moja ya mahali. Kiswahili kina ngeli tatu, na mfasiri hawezi kukwepa kuchagua. Pale alipozama ni mahali mahususi ambapo mtu angeweza kuoneshwa. Kule alikozama kunaashiria umbali, na kunamkaribisha msikilizaji kwenye kuzimu, neno ambalo lenyewe lina kiambishi ku- na mzizi uleule wa mzimu na wazimu. Mle alimozama ndimo penye ukatili: mahali hapo ni ndani ya mwili wake mwenyewe. Makala haya yanapendekeza mu-. Kuzimu kungemfanya Chris awe mfu, naye ni hai, na uhai wake ndio uovu wote wa jambo hilo.

5.0 Mwanga, mchawi, na taa za polisi

His House ya Remi Weekes (2020) inakaribia zaidi Afrika Mashariki. Bol na Rial, wakimbizi kutoka Sudan Kusini, wanapewa nyumba chakavu Uingereza. Filamu inatumia Kidinka na Kiingereza, na inamwacha kiumbe anayewaandama, apeth, na jina lake la asili, kwa ufafanuzi mfupi tu kuwa ni mchawi wa usiku. Kiswahili kingekuwa na neno tayari, mwanga, wingi wake wanga, ambalo kwa umbo la umoja halitofautiani na mwanga, wingi wake mianga. Upatanisho wa ngeli pekee ndio huwatenganisha mchawi wa giza na nuru. Ni vigumu kuamini kwamba waandishi wa miswada ya filamu za Kiswahili hawajaichezea bahati hiyo zaidi. A Quiet Place (2018) na Saloum ya Jean Luc Herbulot (2021), iliyowekwa katika delta ya Saloum nchini Senegal, zimeifanya lugha ya alama kuwa njia ya kunusurika mbele ya viumbe ambao sauti ni silaha au kiongozi wao. Ya Herbulot ndiyo yenye ujasiri zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo iliyotazamwa zaidi.

Inabaki sehemu ya Get Out isiyo na neno lolote. Chris amewashinda watesi wake, amepiga magoti barabarani juu ya Rose anayekufa. Taa nyekundu na bluu zinamulika. Katika kumbi za Marekani watazamaji waligutuka, kwa kuwa walijua askari ataona nini: mwanamume mweusi, mwanamke mweupe, damu. Peele aliwahi kupiga picha za mwisho ambamo Chris hufungwa jela, kisha akauacha. Katika filamu iliyotoka, mlango wa gari unafunguliwa na anashuka Rod, rafiki yake, mlinzi wa usalama wa uwanja wa ndege. Taa zile hazina sarufi. Maana yake yote hudokezwa, na udokezi hutegemea maarifa ambayo msemaji na msikilizaji wanayashiriki. Mtazamaji wa Tanga au Mombasa anayeupata wimbo wa ufunguzi bila mfasiri huenda akaziona taa hizo akashusha pumzi, akidhani msaada umefika, sekunde chache kabla ya wakati wake, na kwa sababu isiyo sahihi.