Dondoo muhimu: Kuchapa fulana nyumbani Tabora

• Mchoro: Chagua wenye mistari minene, kama mwembe wa njia ya misafara au mlango wa nakshi wa tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872.

• Fremu: Wamba kitambaa cha skrini hadi kikigongwa kwa kidole kilie kama ngoma.

• Dawa ya skrini: Paka na ukaushe gizani, kisha weka mchoro juu yake na uianike juani. Jua la Tabora ni kali, hivyo pima muda wa kuianika kwa kipande kidogo kwanza.

• Wino: Tumia wa maji. Ukikauka kwenye fulana, weka kitambaa juu na upige pasi ya moto bila mvuke. Skrini ioshwe mara tu unapomaliza kuchapa.

• Leza: Ukikata stensili kwa mashine ya leza, kamwe usikate plastiki ya PVC. Moshi wake ni sumu, na hutia mashine kutu.