Simu Moja, Darasa Zima: Tujipange Kabla ya TP

Msimu wa TP umekaribia, na kwenye korido za kitivo stori ni moja tu: nani kapangiwa wapi. Wengine wameshaanza kuandika maandalio ya somo. Nimeyaona kadhaa, na kwenye safu ya zana za kufundishia maneno yanajirudia: projekta, simu janja, video, kundi la WhatsApp la darasa. Tunajua kwa nini yapo. Mhadhiri anayekuja kutukagua anapenda kuona TEHAMA, na sisi tunapenda alama. Sina ugomvi na hilo. Ila lipo swali ambalo safu ile haina nafasi yake: kati ya wanafunzi 70 utakaowakuta darasani, zana hiyo haitamfikia nani?

Msimamo wangu nauweka mapema. Somo linalotumia teknolojia lipangwe kuanzia kwa mwanafunzi asiye na simu, asiyeona au asiyesikia, ndipo twende kwa wenye navyo. Ukianza na wenye navyo kwa ahadi kwamba wengine utawafikiria baadaye, hiyo baadaye haifiki. TP yenyewe ni wiki chache.

Tuanze na simu. Katika shule zetu nyingi za sekondari mwanafunzi haruhusiwi kuingia na simu. Kwa hiyo tunaposema "nitawatumia kazi kwenye simu", tunazungumzia simu ya mzazi au mlezi, na simu hiyo ina ratiba yake. Baba dereva bodaboda anatoka nayo alfajiri, anairudisha saa tatu usiku ikiwa na chaji asilimia nne. Mama lishe anapokea oda na malipo kwa hiyo hiyo. Nyumba nyingine iliyopo ni kitochi, WhatsApp haiijui. Na watoto watatu wenye kazi tatu wakigombania kioo kimoja, aliyekuwa anachota maji na kuosha vyombo ndiye anayekipata mwisho. Kwa kawaida huyo ni msichana.

Utajuaje hali ya darasa lako? Usiwaambie wanyooshe mikono. Kijana wa kidato cha pili hatakubali kuonekana mbele ya wenzake kuwa kwao hakuna simu janja, atanyoosha tu. Siku ya kwanza gawa vipande vya karatasi, wasiandike majina, waandike mambo matatu: nyumbani kuna simu ya aina gani, inapatikana saa ngapi, na nani anaweka bando. Dakika kumi zinatosha. Ukishazisoma karatasi hizo utajua kama lile kundi la WhatsApp ni darasa au ni kikao cha watu wachache wenye bahati.

Halafu kuna bando. Video ya dakika kumi inakula makumi ya MB. Maelezo yale yale ukiyarekodi kwa sauti kwenye WhatsApp yanaishia MB moja au mbili, na ukiyaandika kama ujumbe wa kawaida hayafiki hata hapo. Mimi nashangaa watu wanaotuma video ya mtu anayesoma slaidi. Hiyo ni sauti, tuma sauti.

Jambo hili tulishalionja. Machi 2020 shule zilifungwa nchini kwa sababu ya UVIKO-19, kidato cha sita na vyuo vikarudi Juni 1, wengine Juni 29. Kenya walikaa nyumbani muda mrefu zaidi. Shule zote zilikuja kufunguliwa Januari 2021. Katika kipindi kile nchi zote mbili zilirusha vipindi vya masomo kwenye redio na televisheni, hazikutegemea intaneti peke yake. Redio haina mvuto kwenye andalio la somo, lakini inaingia kwenye nyumba ambazo bando haliingii, na nyumba nzima inasikiliza kwa pamoja.

Sasa njoo kwa mwenzetu asiyeona, kwa sababu hapa ndipo walimu wanaojali kabisa wanapokosea bila kujua. Unachukua kitabu, unakipiga picha kurasa kwa kurasa, unaunganisha kuwa PDF, unatuma. Kwa anayeona ni kitabu. Kwa anayetumia programu ya kusoma kioo kwa sauti, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu za Android, mara nyingi faili hilo ni kimya kitupu, kwa maana ndani yake hakuna herufi, kuna picha ya herufi. NVDA inapatikana bure, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao wenyewe hawaoni, kwa hiyo kikwazo mara nyingi siyo bei ya programu. Kikwazo ni faili letu. Kulipima ni rahisi: fungua faili, bonyeza neno moja kwa kidole kana kwamba unataka kulinakili. Likichaguka, kuna maandishi. Likigoma, umetuma picha. Basi chapa upya, au tumia programu inayogeuza picha kuwa maandishi kisha upitie makosa yake, maana Kiswahili inakiboronga. Ukiweka mchoro, uelezee kwa sentensi mbili chini yake. Na ubaoni acha ile tabia ya "kama mnavyoona hapa". Sema kilichopo hapo.

Kwa asiyesikia ni kinyume chake: video isiyo na maandishi chini ni watu wanaofungua na kufunga midomo.

Nitoe mfano wa somo moja, ili nisionekane nahubiri tu. Nasoma Kiswahili na Jiografia, kwa hiyo nachukua mada ya rejesta. Usiku kabla ya kipindi, ukiwa na mtandao, rekodi dakika mbili za taarifa ya habari ya redio na dakika mbili za mtangazaji wa mpira. Sauti ya tatu iwe ya muuza mitumba anayenadi, baada ya kumwomba ruhusa, siyo kumrekodi kwa kuvizia. Ziweke kwenye simu yako. Azima spika ndogo, ichaji. Darasani hutahitaji mtandao hata kidogo. Unacheza sauti ya kwanza, makundi yanajadili: nani anasema, na nani, mahali gani, maneno gani yamemtambulisha? Asiyeona yuko sawa na wenzake, pengine amewazidi. Asiye na simu hajui hata kama simu ni suala. Kwa asiyesikia, sauti zote tatu unakuwa umeziandika neno kwa neno kwenye karatasi, amezipata kabla ya kipindi, na ameketi mahali anapomwona mkalimani wa lugha ya alama, kama yupo, au anapoona ubao na nyuso za wenzake. Kuandika dakika mbili za mtangazaji wa mpira kunachukua karibu nusu saa, wala sitakudanganya. Yule bwana hapumui. Lakini karatasi ile ile inamsaidia pia anayekaa nyuma kabisa ambaye spika haimfikii, na inabaki kuwa zana ya mwaka mzima.

Simu moja, spika moja, darasa zima. Kwenye safu ya zana andika hivyo hivyo, na mhadhiri akiuliza projekta iko wapi, mwoneshe karatasi za wanafunzi.

Akili mnemba, ambayo wengine wanaiita akili unde, naipitia kwa haraka. Kutunga maswali ya mazoezi inasaidia, mradi uyasome yote kabla ya kuyapeleka, kwa kuwa inaweza kukupa jibu la uongo kwa sauti ya uhakika. Ila usibandike humo orodha ya majina ya wanafunzi na alama zao eti ikupangie madaraja. Majina yale siyo yako kuyatoa.

Hapo tunagusa upande wa usalama, na ndugu zangu, huku ndiko mtoto anaweza kuumia kabisa. Ukiunda kundi la WhatsApp, kila aliyemo anaona namba za wote. Ukiwaingiza wazazi, walimu, kaka za watu na wanafunzi wenye laini zao, umegawa namba za mabinti wa kidato cha tatu kwa wanaume usiowajua. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inatuma ujumbe mmoja kwa wengi bila wao kuonana namba. Sharti lake ni kwamba mpokeaji awe ameihifadhi namba yako. Itumie hiyo, kwa namba za wazazi. Na sisi wenyewe, tulio na miaka 22 au 23 tukifundisha watoto wa miaka 16, tusichati na mwanafunzi faragha, hata kama anauliza swali la somo. Swali la somo lina kipindi chake kesho.

Picha nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa zinazohusu watoto imezihesabu kuwa taarifa nyeti. Kenya, Septemba 2023, kamishna wao wa ulinzi wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mtoto anayepigwa picha akipokea daftari za msaada anaonekana na mtaa mzima, na mwenye kuposti ameshahama kituo.

Ugumu wake naujua. Wewe ni mgeni pale, wa chini kuliko wote ofisini, na mkuu wa shule anakuita: "Mwalimu kijana, wewe unaijua mitandao, hebu turushie picha za mahafali." Kukataa moja kwa moja ni kujitafutia ripoti mbaya. Unaweza kumjibu kwa adabu: "Shikamoo mkuu. Naomba tuzirushe baada ya wazazi kusaini fomu, nitaiandika mimi leo hii." Fomu iwe ya Kiswahili, nusu ukurasa, iseme picha itawekwa wapi na kwamba mzazi anaweza kukataa bila mtoto kupoteza chochote. Wakati zinazunguka, piga picha za kazi zao: ramani walizochora, mikono inayopanda miti, darasa likionekana kutoka nyuma. Hizo rusha siku hiyo hiyo, mkuu afurahi.