Muziki wa Bure Uwanjani: Je, Unamjua Jirani Yako?

Kabla hujaendelea kusoma, jibu swali hili kimoyomoyo: ukizidiwa na ugonjwa usiku wa manane, utamgongea jirani yupi?

Kama umekosa jibu, usione haya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa mtu 1 kati ya kila watu 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke hudhuru mwili na akili. Upweke si kukaa peke yako tu. Unaweza kuishi nyumba ya wapangaji kumi na bado ukakosa wa kumwambia shida yako.

Leo tujifunze njia moja ya kupunguza tatizo hili: muziki wa laivu, nje, bila kiingilio.

WENZETU WALIANZAJE?

Mwaka 1982 nchini Ufaransa, Maurice Fleuret, aliyesimamia muziki wizarani, alishtushwa na jambo moja. Uchunguzi ulionyesha kuwa watu kama milioni 5 walijua kupiga ala, wakiwemo nusu ya vijana. Lakini walipigia wapi? Chumbani, mlango umefungwa! Yeye na Waziri wa Utamaduni, Jack Lang, wakawaomba wananchi watoke nje na ala zao jioni ya tarehe 21 Juni. Ilipangwa iwe nusu saa tu, lakini watu walijaa barabarani. Siku hiyo, Fête de la Musique, sasa inaadhimishwa katika nchi zaidi ya 100.

Masharti yake ni mepesi: hakuna kiingilio, na anayejifunza ana nafasi sawa na bingwa.

Hata kwetu jambo hili si geni. Mdundiko wa Wazaramo hupita mtaani, na anayeusikia hutoka akaufuata. Nani amewahi kuukatia tiketi?

YALIYOTUKUTA SISI

Mara ya kwanza tulipoandaa muziki wa bure katika mtaa mmoja, tuliboronga. Wataalamu wa afya, mimi nikiwemo, tulihutubia karibu saa nzima. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Wajukuu zangu, mmetuita kwenye muziki au kwenye mkutano?" Watu wakacheka, kisha wakaanza kuondoka.

Mara ya pili tulibadilika. Tuliwaita vijana wa vijiwe viwili vilivyokuwa vikigombea uwanja wa mpira, tukawapa kazi moja: kubeba mabenchi na spika pamoja. Mwanzoni walinuniana. Lakini benchi refu halibebwi na mtu mmoja! Hadi jioni walikuwa wanaitana kwa majina.

Wiki chache baadaye, kijana mmoja kati yao alibanwa na pumu usiku. Mdogo wake alikimbia kumgongea mwenye bajaji wa kile kijiwe kingine, wakamfikisha hospitali mapema. Sisemi muziki ulimponya. Dawa ndiyo iliyomponya. Ila mlango ule aliujua kwa sababu ya mabenchi.

Somo ni hili: kukosekana kwa kiingilio kunawaleta watu, lakini kufanya kazi pamoja ndiko kunakowaunganisha.

MKITAKA KUANDAA KWENU

1. Undeni kamati yenye wasichana na wavulana, na mzee mmoja anayeheshimika.

2. Pelekeni barua serikali ya mtaa mapema, na mwulize kuhusu kibali cha polisi. Ongeeni pia na majirani, hasa wenye wagonjwa na watoto wachanga.

3. Anzeni alasiri, mmalize kabla giza halijaingia. Wasichana warudi nyumbani kwa makundi. Mtu kucheza muziki na wewe haina maana amekubali kushikwashikwa. Hapana ni hapana!

4. Waiteni wa mtaani kwanza: kwaya, taarabu, wa ngoma, wanaochana. Kila mmoja apewe muda mfupi.

5. Wekeni maji safi ya kunywa, choo kinachojulikana na sanduku la huduma ya kwanza. Acheni njia pana za kutokea.

6. Ujumbe wa afya usizidi dakika 5. Wanaotaka ushauri au kondomu wawe na meza pembeni, ambako watasikilizwa kwa siri.

7. Lindeni masikio. WHO inashauri wastani wa sauti kwenye maonyesho usizidi desibeli 100. Huna kipimo? Simama mbali na spika, upumzishe masikio mara kwa mara, na watoto wakae nyuma kabisa. Masikio yakivuma baada ya muziki, yameumia. Chembe za kusikia zikishakufa haziponi.

Hela je? Msikope kwa ajili ya jukwaa kubwa. Uwanja, ngoma mbili na gitaa vinatosha kwa kuanzia.

JADILINI KIJIWENI

- Ni majirani wangapi unaowajua kwa majina?
- Nani mtaani kwenu anajua kupiga ala, lakini hajawahi kusikika?
- Ni makundi gani hayaelewani, na mnaweza kuyapa kazi gani ya pamoja?

Basi usingoje mfadhili, mshkaji. Jioni hii mgongee jirani mmoja, umuulize kama anajua kuimba. Hata akisema hajui, utakuwa umeshaujua mlango wake, naye wako.