Somo: Mume na Mke Mbele ya Kodi na Misaada ya Serikali

Wazee wa vijiji, walimu, na kila mtu ajuaye kusoma, leo twaleta somo juu ya jambo linaloulizwa mara nyingi barazani, wala halina jibu la neno moja. Watu huuliza: "Mtu maskini akioa au akiolewa, je, kodi yake huongezeka au hupungua? Na misaada ya Serikali, je, ataipata zaidi au ataikosa?" Wengine husema: "Sisi twakaa pamoja bila kufunga ndoa. Je, mbele ya Serikali sisi ni mtu na mkewe, au ni watu wawili tu?"

Jibu lake ni hili. Serikali haiwahesabu watu kwa njia moja. Iko hesabu ya nyumba, iko hesabu ya kichwa, iko hesabu ya chungu, na iko hesabu ya cheti. Mtu akijua ni hesabu ipi inayotumika katika shauri lake, hatapotea. Lakini akizichanganya, atakimbia kodi isiyokuwapo na kuiacha haki iliyo yake. Basi natuzitazame moja moja.

Hesabu ya nyumba

Babu zetu waliijua hesabu hii kuliko zote. Wadachi walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka 1898, na nyumba ya shamba ililipiwa rupia 3 kwa mwaka. Waingereza nao walitoa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mwenye nyumba alilipa kwa nyumba yake, na mwanamume mwenye nguvu asiyekuwa na nyumba alilipa kwa kichwa chake.

Angalieni jinsi ndoa ilivyoingia katika hesabu hiyo. Katika Usukuma, na pande nyingi nyingine za nchi, mwenye wake wawili huwajengea nyumba mbili. Kwa hiyo mke wa pili alikuwa nyumba ya pili, na nyumba ya pili ilikuwa kodi ya pili. Ndiyo maana mahali pengi watu walisongamana katika nyumba moja, ili nyumba za kuhesabiwa zipungue.

Hesabu hiyo imekwisha. Kodi za kichwa za wenyeji zilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1960; kodi ya maendeleo ikaletwa katika miaka ya 1980, nayo ikafutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo iliyopo leo hutazama jengo, haiulizi idadi ya wake. Lakini kodi ilipofutwa, hofu yake haikufutwa pamoja nayo. Hata leo wako watu wanaoogopa kuandikisha ndoa, wakidhani kwamba jina likiingia katika daftari la Serikali, mtoza kodi yuko nyuma. Hofu hiyo haina msingi, kama tutakavyoona sasa.

Hesabu ya kichwa

Kodi ya mapato ya leo humtazama mtu mmoja mmoja, mume peke yake na mke peke yake. Ndoa haiongezi kodi ya mshahara, wala haiipunguzi. Tangu Julai 2020 mshahara usiozidi Sh. 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi; na tangu Julai 2021 kinachozidi hapo, hata kufika Sh. 520,000, hukatwa asilimia 8.

Tuseme mume ni mlinzi mjini Mwanza, na baada ya makato ya mfuko wa pensheni hubakiwa na Sh. 320,000. Zinazozidi ni Sh. 50,000, na asilimia 8 yake ni Sh. 4,000. Mkewe hufagia ofisi na hubakiwa na Sh. 200,000, yeye hakatwi kitu. Basi nyumba yote hulipa Sh. 4,000 kwa mwezi. Kama Serikali ingaliunganisha mishahara yao kuwa Sh. 520,000 ya mtu mmoja, wangalilipa Sh. 20,000. Kwa hiyo kuhesabiwa kila mtu peke yake ni faida kwao, nao huhesabiwa hivyo hivyo, wameoana au hawakuoana.

Sasa tuje kwa wachuuzi.  Tutazame mpango wa mwaka 2019: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Sh. 4,000,000 hakutozwa kodi ya mapato. Yakizidi hapo hata kufika Sh. 7,000,000, asiyeweka hesabu alitozwa Sh. 100,000, na aliyeweka hesabu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4.

Tuseme mke huuza dagaa Kirumba, na mauzo yake kwa mwaka ni Sh. 3,500,000, mumewe huuza mboga Igombe, na mauzo yake ni Sh. 3,000,000. Kila mmoja akiwa na biashara yake kweli kweli, kwa jina lake, wote wawili wako chini ya mpaka. Lakini wakiandikisha biashara zote kwa jina la mume, kwa sababu tu yeye ni mwenye mji, mauzo huwa Sh. 6,500,000. Hapo kodi ni Sh. 100,000 bila hesabu, au Sh. 75,000 kwa mwenye hesabu. Ndoa haikuwatia hasara hiyo, ila desturi ya kuandika kila kitu kwa jina moja. Lakini sisemi kwamba mtu aigawe biashara moja kwa hila. Huo ni udanganyifu, na sheria huukamata. Nasema kazi ya mke iandikwe kuwa ya mke.

Hesabu ya chungu

Katika misaada hesabu hubadilika. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000, na baadaye ukaleta mpango wa kunusuru kaya maskini. Mpango huo haukuuliza kama watu wameoana. Uliuliza: ni nani wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja? Majina yalitajwa katika mkutano wa kijiji, kisha hali ya kila kaya ikapimwa kwa maswali juu ya nyumba, watu na mali.

Katika awamu iliyoenezwa tangu mwaka 2013, kaya ilipewa Sh. 10,000 kwa mwezi za msingi, na Sh. 4,000 kama ilikuwa na watoto. Tena kwa kila mtoto wa shule ya msingi aliyehudhuria masomo iliongezewa Sh. 2,000, mwisho watoto wanne.

Natufanye hesabu. Mjane mwenye watoto wawili wa shule ya msingi alipata 10,000 na 4,000 na 4,000, jumla Sh. 18,000. Jirani yake, mwanamume aliyefiwa na mkewe, naye ana watoto wawili wa shule, akapata Sh. 18,000. Kaya mbili zilipata Sh. 36,000. Wakaoana, au wakaanza kukaa pamoja bila kuoana, ni mamoja. Chungu kikawa kimoja. Sasa walipata 10,000 na 4,000 na 8,000, jumla Sh. 22,000. Wamepungukiwa Sh. 14,000 kwa mwezi, ambazo ni Sh. 168,000 kwa mwaka. Kwa watu wa hali hiyo si fedha ndogo.

Upande wa pili uko Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa na kuenezwa tangu mwaka 2018. Huko kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia Sh. 30,000 kwa mwaka. Wale wawili walipokuwa mbalimbali walitakiwa Sh. 60,000, walipoungana, pamoja na watoto wanne, walikuwa watu 6, wakatakiwa Sh. 30,000 tu. Hiyo ni faida ya Sh. 30,000. Tukiiondoa katika ile hasara, imebaki hasara ya Sh. 138,000 kwa mwaka.

Je, tuwaambie wasioane? La, hasha. Kuni za moto mmoja ni pungufu kuliko za mioto miwili, paa moja huezekwa mara moja, na mgonjwa hupata wa kumwuguza. Lakini si haki kuwaficha hesabu. Waijue mapema, wajipange. Wala wasidhani kwamba kukosa cheti kutaificha kaya yao, maana mpango ulihesabu chungu, na chungu majirani hukiona. Mzee wa kijiji anayeandika kaya moja kuwa mbili kwa huruma humnyima mjane mwingine nafasi.

Hesabu ya cheti

Hii ndiyo hesabu watu wanayoidharau, nayo ndiyo inayoumiza kuliko zote. Mimi niandikaye ni karani, na kazi yangu ni kuandika majina. Siku moja alifika mama mmoja kutoka visiwani, mwenye watoto watatu. Alikuwa amekaa na mumewe miaka tisa. Mume alikuwa mlinzi mjini, na kila mwezi alikatwa fedha za pensheni, sasa amekufa. Nikamwuliza, "Mama, cheti cha ndoa kiko wapi?" Akanijibu, "Bwana karani, ng'ombe hawakutimia."

Jibu lile sikulisahau. Miaka tisa walingoja ng'ombe wa mahari ili ndoa iitwe ndoa, na mauti haikungoja. Ndugu za marehemu walikwisha kuchukua mabati na mtumbwi, wakisema, "Huyu hakuwa mke, alikuwa mgeni wake."

Lakini sheria yasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema mambo haya, nanyi walimu myafundishe:

Kwanza, ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa au haikutimia. Mahari ni deni la kimila baina ya watu. Si kamba ya kuzuia ndoa.

Pili, ndoa ya kimila nayo ni ndoa, na waliooana wapaswa kuiandikisha ndani ya siku 30. Wakichelewa ndoa haifi, lakini ushahidi wake huwa dhaifu.

Tatu, kifungu cha 160 chasema kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, hata watu wakawajua kuwa ni mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana kihalali. Hata dhana hiyo ikivunjwa mahakamani, mwanamke aweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Angalieni neno "hudhaniwa". Dhana yaweza kupingwa. Ikithibitika, kwa mfano, kwamba mume alikuwa bado katika ndoa ya mke mmoja na mwanamke mwingine, dhana huanguka. Na hata isipoanguka, sharti ipelekwe mashahidi, nao hutaka nauli ya meli na siku za kazi. Yule mama alishinda mwishowe, lakini alisafiri zaidi ya mwaka mzima, na watoto wawili wakaacha shule kwa kukosa matumizi. Karatasi moja ingalimpunguzia safari hizo zote.

Bima ya afya ya wenye mishahara nayo ilifuata njia hiyo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulimwandika mwanachama, mwenzi wake mmoja na wategemezi wanne. Na mwenzi aliandikwa kwa cheti cha ndoa. Anayekaa na mtu bila cheti, na mke wa pili pia, walibaki nje ya kadi.

Mwisho, watu wakiachana wakiwa hai, mke asidhani hana kitu kwa sababu hakuleta fedha. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kwanza sharti ijulikane kwamba ndoa ilikuwapo.

Mashauri kwa wazee na walimu

Basi somo letu ni hili. Kodi ya mapato huhesabu kichwa, na cheti cha ndoa hakiiongezi hata senti moja. Misaada ya kaya huhesabu chungu, na kukosa cheti hakuiongezi. Kwa hiyo maskini anayekataa kuandikisha ndoa haokoi kitu; huweka tu haki ya mjane na watoto wake rehani.

Mzee wa kijiji, ukijua watu wanaokaa pamoja mwaka wa pili au wa tatu, waite kwa upole, uwaeleze njia ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako ndoa huandikishwa. Wazazi, msizuie cheti kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe waweza kufuata. Mwalimu, wape watoto wakubwa hesabu hizi ubaoni, nao watazipeleka nyumbani.

Maswali ya kujijaribu: (1) Kwa nini mke wa pili alikuwa kodi ya pili zamani, naye leo si kodi? (2) Mjane mwenye watoto watatu wa shule ya msingi alipata shilingi ngapi katika awamu ile ya TASAF? (3) Watu waliokaa pamoja miaka mitano bila cheti wana haki gani, na ni nini chaweza kuiangusha?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ndoa ya maskini ni mali yake iliyo kubwa kuliko zote.