Kuhariri DVD za Runinga Zilizorekodiwa Nyumbani kwa Tarakilishi Kuukuu: Mfano wa Bombolulu

Utangulizi

Tamthilia za Kiswahili zilizoonyeshwa katika runinga za Kenya ni hazina ya lugha ambayo mtafiti haipati kwa urahisi maktabani. Vitimbi na Vioja Mahakamani za KBC, na kadhalika Tausi ya miaka ya 1990, zilitazamwa sebuleni zikapita. Nakala ambayo mwanafunzi anaweza kuifikia mara nyingi ni ile iliyonaswa nyumbani, kwanza kwa kanda za VHS na baadaye, katika miaka ya 2000, kwa vinasa vya DVD. Makala haya yananuia kuonyesha namna ya kuzihariri rekodi hizo bila kuuharibu ushahidi wa kiisimu uliomo.

Chukulia mwanafunzi anayeishi Bombolulu, upande wa Kisauni, ambaye shangazi yake amemkabidhi kasha zima la DVD za aina hiyo. Tarakilishi aliyo nayo ni ya Pentium III, yenye kumbukumbu ya megabaiti 256 na diski kuu ya gigabaiti 40. Wengi watamshauri atafute mashine mpya kwanza. Ushauri huo si sahihi, na sababu zake zitabainika hapa chini. Kinachomkimbiza ni hali ya hewa: joto na unyevu wa pwani huidhoofisha rangi iliyomo ndani ya DVD, na rangi hiyo ndiyo iliyobeba picha na sauti.

Hatua ya kwanza: kunakili

Diski isihaririwe moja kwa moja. Inakiliwe yote kwanza katika diski kuu. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, hivyo diski kuu ya gigabaiti 40 hutosha kwa rekodi chache kwa wakati mmoja. Diski isiposomeka, huenda haikufungwa rasmi katika kinasa kilichoirekodi. Irudishwe katika kinasa hicho hicho ifungwe. Ndani yake mtakuwa na faili za VOB, ambazo kila moja haizidi gigabaiti 1. Hizo ni vipande vya mkondo mmoja, nazo huunganishwa kwa mfuatano wake. Ikiwa diski kuu imepangwa kwa mfumo wa FAT32, faili moja haiwezi kufikia gigabaiti 4, kwa hiyo vipande visiunganishwe kuwa faili moja kubwa.

Kukata bila kukandamiza upya

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Picha za DVD hukandamizwa kwa mfumo wa MPEG-2. Kwa kiwango cha PAL, kilichotumika Kenya, kila sekunde ina picha 25, lakini si zote zilizo kamili. Picha kamili huja baada ya picha 12 hivi, yaani takriban kila nusu sekunde. Zilizo katikati huhifadhi mabadiliko tu. Mhariri akikata penye picha kamili, programu haina haja ya kukokotoa chochote: inanakili tu kilichobaki. Kazi hiyo Pentium III inaiweza vyema. Kinachoilemea ni kukandamiza upya, ambako tamthilia ya nusu saa huweza kuichukua saa kadhaa. Programu kama Avidemux hutoa nafasi ya kuchagua kunakili picha na sauti zilivyo, na chaguo hilo ndilo linalofaa. Aidha, ihakikishwe kwamba programu haikupangwa kwa NTSC ya Marekani, yenye mistari 480 badala ya 576, kwani hapo itakandamiza upya bila kuulizwa.

Nusu sekunde huonekana ndogo kwa mtazamaji, ila kwa mwanaisimu ni kubwa. Silabi moja hutamkwa kwa muda mfupi zaidi ya huo. Mhusika akisema "hatukubali", na mkato ukaangukia baada ya silabi ya kwanza, kitakachosikika ni "tukubali": kanusho limegeuka rai. Kwa hiyo mkato uwekwe kwenye picha kamili iliyotangulia usemi, hata kama utabakiza kikohozi au kishindo cha mlango.

Sauti nayo ina hatari yake. Kimvita hutofautisha *paa* ya nyumba na *paa* mnyama kwa mpumuo unaofuata /p/. Vivyo hivyo *kaa* la moto na *kaa* wa baharini. Mpumuo huo ni mvumo hafifu, na sauti inapokandamizwa mara ya pili kwa kiwango cha chini, mvumo wa aina hiyo ndio huathirika mapema. Mtafiti anaweza basi kudai kwamba mwigizaji hakupumua, kumbe ni programu iliyomfuta pumzi.

Kinachotupwa

Mtazamaji huhariri ili aondoe matangazo ya biashara. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kuyaacha, angalau katika nakala moja. Matangazo huonyesha Kiswahili kilichotumiwa kuwauzia watu sabuni na unga wakati ule, na mara nyingi ndiyo pekee yanayosaidia kukadiria tarehe ya rekodi isiyo na maandishi juu yake. Nakala ya pili, isiyo na matangazo, ifae darasani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti wa kisayansi na matumizi binafsi, chanzo kikitajwa. Kuziuza nakala ni jambo jingine kabisa.

Umeme ukikatika wakati wa kuandika DVD mpya, diski hiyo huharibika, kwa hiyo nakala iliyo katika diski kuu isifutwe hadi DVD mpya ichezwe mwanzo hadi mwisho. Jina la faili litaje stesheni, kipindi, mwaka ukijulikana, na mahali rekodi ilipofanyiwa. Kisha kasha lirudishwe kwa shangazi, diski zikiwa zimesimamishwa wima ndani ya majalada yake, mbali na dirisha.