Mwana-mbuzi wa Ana na Magunia ya Alizeti

Magomvi ya fedha kati ya mume na mke si mambo ya nyumba zisizomjua Mungu tu. Yamo katika nyumba zinazosali Rozari kila jioni, tena yamo katika Maandiko Matakatifu yenyewe, kama tutakavyoona. Juma hili twapenda kuyatazama kwa makini, na kabla ya kufika kwenye Maandiko twaanzia mahali ambapo wasomaji wetu wazee hawakupatazamia, yaani katika senema ya Kihindi.

Papa Pius XI, katika barua yake Vigilanti Cura ya mwaka 1936, aliwaonya waamini juu ya senema mbaya, lakini alikiri pia kwamba senema njema ina nguvu kubwa ya kufundisha. Na ni nani asiyejua jinsi senema za Kihindi zilivyopendwa katika nchi yetu, tangu enzi za majumba ya senema ya Dar es Salaam na Unguja hata kufikia vibanda vya video na simu za mkononi? Mwenye kuzidharau kwa sababu ya nyimbo na machozi yake afadhali aitazame ile iitwayo Chalte Chalte, iliyotolewa mwaka 2003 na kuongozwa na Aziz Mirza. Nyimbo zimo tele, na machozi pia. Lakini katikati yake imo nyumba ambayo sote twaijua.

Raj, anayeigizwa na Shah Rukh Khan, ana kampuni ndogo ya malori. Priya, anayeigizwa na Rani Mukerji, ametoka kwa watu wenye uwezo. Wanapendana, wanaoana, na haupiti muda mrefu magomvi yanaanza. Kwanza ni mambo madogo ya kila siku, kwa maana mume hana utaratibu na mke aupenda. Kisha biashara ya malori inalemewa na madeni. Priya, kwa kumhurumia mumewe, anakwenda kwa siri kukopa fedha kwa mtu aliyepata kuwa mchumba wake. Madeni yanalipwa. Lakini Raj anapojua fedha zilitoka wapi hashukuru hata kidogo. Anamtuhumu mkewe mambo ya aibu, na wawili hao wanatengana.

Angalieni jambo moja. Hakuna aliyezilewea fedha hizo, wala hakuna aliyezichezea kamari. Zilifanya kazi ile ile zilizokopewa, biashara ikapona, na hata hivyo nyumba ikavunjika. Basi ugomvi haukuwa juu ya fedha zilikwenda wapi, bali juu ya zilitoka wapi, na kwa nini mwenye nyumba hakuambiwa.

Sasa tutoke Mumbai tuje Singida. Watu wa Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni wajua kwamba fedha ya mkulima haiji kila mwisho wa mwezi kama mshahara wa karani. Mvua ni ya msimu mmoja. Alizeti huvunwa karibu na Mei na Juni, na magunia hupelekwa kwenye mashine za kukamulia mafuta au huuzwa kwa wachuuzi papo hapo, mara nyingi kwa bei ya chini kwa kuwa kila mtu anauza. Katika nyumba nyingi mume ndiye apelekaye magunia, na ndiye apokeaye fedha. Mke ana kuku wake. Kuku wa Singida wana sifa hata Dar es Salaam, ambako husafirishwa katika matenga. Na kuku hao, pamoja na mayai na pengine ndoo chache za vitunguu, ndivyo viitwavyo vya mama. Fedha ya alizeti ni kubwa, huja mara moja, na mtaa mzima huisikia. Fedha ya kuku huja kidogo kidogo, wala hakuna aihesabuye. Lakini ndiyo inunuayo chumvi, sabuni na madaftari.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Tuseme mume ameuza magunia 12 kwa shilingi 60,000 kila gunia, yaani shilingi 720,000. Anarudi na kumwambia mkewe kwamba bei ilikuwa mbaya, amepata shilingi 500,000. Si mwizi. Ana deni la mbegu asilopenda mkewe alijue, na mama yake mzazi ameomba mabati. Mke, ambaye amekwisha kuisikia bei kwa jirani aliyeuza siku ile ile, hasemi neno. Naye ana lake moyoni: tangu Januari amekopa katika kikoba, kwa kuwa mtoto aliyeanza sekondari alitakiwa godoro, sare na mchango wa chakula. Ni kweli Serikali iliondoa ada ya shule zake kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na twaishukuru; lakini mtoto hawezi kulala juu ya waraka wa Serikali. Siku ya marejesho inafika na fedha hakuna. Mama anakopa mahali pengine ili alipe pale pa kwanza, mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halikutolewa bure. Hatimaye wanafika watu mlangoni kuchukua baiskeli na kitanda. Mume anauliza, fedha hizo ulizipeleka wapi? Na nyuma ya swali hilo linakuja la pili, lile la Raj: ulipewa na nani, na kwa sababu gani?

La ajabu ni kwamba deni lile halikuwa siri hata kidogo. Kikoba chaweza kuwa na watu 30. Sanduku lake lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Hisa za kila mmoja hutajwa mbele ya wote na kuandikwa. Basi watu 30 walijua mama huyu anadaiwa kiasi gani, na mumewe ndiye hakujua. Na deni la mume nalo, mwenye duka la mbegu alilijua tangu kabla ya kupanda.

Hapo ndipo tufungue Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu. Tobiti ni mtu mwema kabisa. Katika uhamisho wa Ninawi huwalisha wenye njaa na kuzika maiti za ndugu zake kwa hatari ya maisha yake. Kisha anapofuka, baada ya mavi ya ndege kumwangukia machoni. Jamaa yake Ahikari anamtunza miaka miwili, halafu anahamia mbali. Ndipo mkewe Ana anapoanza kufuma nguo kwa ujira. Siku moja wenye kazi wanamlipa ujira wake wote, tena wanamzidishia mwana-mbuzi. Mnyama anaingia nyumbani, analia. Tobiti, asiyeona, anauliza ametoka wapi. Anaogopa ni wa wizi, anaamuru arudishwe kwa wenyewe. Ana anamweleza kwamba ni zawadi juu ya ujira. Mumewe haamini, anaona haya kwa ajili yake. Ndipo Ana anamjibu kwa uchungu, akimwuliza ziko wapi sasa sadaka zake na matendo yake ya haki.

Ni rahisi kumlaumu Ana kwa ulimi wake, na hatusemi kwamba jibu lake lilikuwa tamu. Lakini mtazameni mume. Aliyekuwa akiwalisha maskini sasa analishwa na mkewe. Hajui ni nini kinachoingia mlangoni mwake mpaka akisikie kikilia. Hasira yake inavaa nguo ya sheria, kwa kuwa kweli kula kitu cha wizi ni dhambi, na twaamini yeye mwenyewe aliona anaitetea sheria. Hata hivyo mtu ambaye hana aibu ndani yake angeweza kutuma mtoto kwenda kuwauliza wenye kazi, na neno likaishia hapo. Aibu ya mwanamume asiyeweza kulisha nyumba yake ndiyo inayomfanya auone msaada wa mkewe kama wizi. Raj aliona hivyo, na waume wengi wa kwetu huona hivyo katika mwaka mvua zinapokatika mapema.

Endeleeni mpaka sura ya nne. Tobiti, akiwa amemwomba Mungu amtwae, anakumbuka kwamba ana talanta 10 za fedha alizoziweka kwa mtu aitwaye Gabaeli, huko Rage ya Media. Anamwita mwanawe Tobia amweleze habari zake kabla ya kufa. Talanta 10 ni mali ya tajiri! Mke anafuma kwa ujira, nyumba imegombana kwa ajili ya mwana-mbuzi mmoja, na kumbe baba ana akiba nchi ya mbali, iliyokaa huko miaka 20. Na sura ya tano yatuambia kwamba yeye na Gabaeli waliandika hati, wakaigawa vipande viwili, kila mmoja akachukua chake. Kwa mtu wa mbali palikuwa na maandishi na ushahidi kamili. Nyumbani, mtoto amekua hata kuwa kijana wa kuoa ndipo anaambiwa.

Wazee wetu wa Singida wangemwelewa Tobiti upesi. Zamani ziada ya nafaka iligeuzwa mifugo, na mtu angeweza kudhani kwamba ng'ombe hafichiki kama noti ifichikavyo. Lakini walikuwako waliojua kumficha hata ng'ombe, kwa kumpeleka achungwe na rafiki katika kijiji cha mbali, ili wake na ndugu wasijue hesabu ya zizi. Leo kazi hiyo yafanywa na namba ya siri ya simu.

Isidhaniwe kwamba twawaambia wake wampe mume fedha ya kuku, au waume wakabidhi kila senti. Kuwa na mali yako ni jambo moja, na kuificha ni jambo jingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaeleza kwamba ndoa peke yake haigeuzi mali ya mmoja kuwa ya mwenzake. Na papo hapo yamkataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Tena Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Basi mume asemaye kwamba alizeti ni yake kwa kuwa ndiye aliyeifikisha mashineni, na akumbuke ni nani aliyepalilia, na ni nani aliyepika siku zile za kupura.

Kuna nyumba ambazo shauri hili haliwezi kuanzia mezani. Mke wa mtu anayekunywa pombe fedha yote ya mavuno, au anayempiga akionekana na shilingi, hafichi kwa hila. Anaficha watoto wapate kula. Hatuwezi kumwambia mama huyo aziweke fedha zake wazi mbele ya mlevi. Sheria yamlazimu mume kumtunza mkewe na watoto, na mwenye kuonewa anayo njia ya kwenda kwa wazee wa jumuiya, kwa Paroko, na kwa baraza la usuluhishi wa ndoa. Aende mapema, wala asingoje kitanda kitoke nje.

Kwa nyumba zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, wakati wa kusema ni kabla gunia halijatoka nyumbani. Fedha ikiisha kuingia mfukoni kila mmoja amekwisha kuigawa moyoni mwake, na mazungumzo yanakuwa mashindano. Waanze na madeni, kwa maana ndiyo magumu kutamka na ndiyo yavunjayo nyumba yakisemwa na mtu wa nje. Mume aseme lake la mbegu kwanza, kabla hajauliza la mkewe. Kisha waone ni magunia mangapi yabaki yangoje bei, mangapi yauzwe, na mabati ya bibi yatoke katika lipi. Wayaandike katika daftari, kama Tobiti alivyoandikiana na Gabaeli. Na mke akileta kitu ambacho mume hakukitazamia, mume aulize kama mtu atakaye kujua. Yeye aulizaye kama hakimu ataambiwa machache zaidi mwaka ujao.

Jumuiya ndogo ndogo zitakazopenda kujifunza jambo hili zisome Tobiti sura ya 2, ya 4 na ya 5 kwa kikao kimoja, bila haraka. Mwishoni mwa sura ya 5 Tobia anaondoka kwenda kuzidai zile talanta, na mama yake analia, akisema kwa maneno yake kwamba fedha si kitu mbele ya mtoto wao. Baada ya kusoma, wake na waume wajadiliane swali hili, ambalo kitabu chenyewe hakilijibu: siku ile mwana-mbuzi alipolia nyumbani, je, Ana alikuwa amekwisha kuambiwa habari za Gabaeli?